Jina Katikati ya Msitu-Kaboni

Ndani ya tanuri la utegili, msitu ulikuwa ukiota. Gesi ya methani iliingia, umeme ukaichanachana ikawa utegili, gesi iliyojaa umeme, na tanuri likajaa mwanga wa zambarau. Kaboni iliyoachwa huru ilitua kwenye chembe za chuma zilizopuliziwa juu ya sahani ndogo ya kioo, na kila chembe ikaotesha unywele mmoja, mwembamba kuliko uzi wa buibui. Nguvu ya umeme ilizivuta nywele hizo zisimame wima, kama wanafunzi mstarini anapopita mkaguzi.

Mhandisi Ambakisye alichungulia kidirishani kwa heshima zote za kitaaluma, huku akipiga miayo.

Msitu huo ukikomaa uliitwa kinasamwanga. Daktari huubandika, pamoja na sahani yake, nyuma ya jicho, nao hudaka mwanga na kuupeleka kwenye mishipa ya fahamu. Vipofu wengi wa Mbeya walikuwa wamesharudi kusoma magazeti na kulalamika. Sahani hii ilikuwa ya mama yake Ambakisye, Bi Tumwidike, aliyekuwa na jicho moja tu la kutibika.

Tabu ilikuwa wenzake wa maabara, ambao huazima sahani bila kuomba. Ambakisye alikulia bwenini, ambako ndoo isiyo na jina ni ya kila mtu, na jina la pembeni mwa blanketi hukatwa kwa wembe. Jina huandikwa katikati. Kwa hiyo, kabla ya kupulizia chuma, alikuwa amechukua sindano ya mwanga wa leza na kuchora katikati ya sahani, kwa herufi ndogo kuliko mchanga: AMBAKISYE. Aliamini msitu ungezifunika, kama nyasi zinavyofunika njia iliyoachwa.

Wiki mbili baada ya upasuaji, Dkt. Sekela alifungua bandeji.

“Naona dirisha,” alisema Bi Tumwidike. “Pazia lenu chafu.” Kisha akamgeukia mwanawe, akakaza jicho.

“Mama, niko hapa.”

“Najua. Umeandikwa.”

“Nimeandikwa wapi?”

“Usoni. Kichwa chini, lakini mwandiko naujua. Hiyo A iliyolegea ndiyo ya ndoo yako ya shule.”

Dkt. Sekela alimtazama mhandisi. Mhandisi aliitazama sakafu, akaeleza. Chuma kilikuwa kimetiririkia kwenye michoro na kugandamana, na bonge la chuma halioti unywele. Penye jina palikuwa jangwa lisilodaka mwanga, tena katikati kabisa ya jicho.

“Tuung'oe, tubandike mwingine,” alisema.

“Mishipa imeshaushika,” alijibu Dkt. Sekela. “Tukiung'oa, huenda jicho likaenda nao.”

“Mama, kila utakachokitazama kitakuwa na jina langu juu yake. Maisha yako yote.”

“Tangu nikuzae naitwa Mama Ambakisye. Nimeshazoea. Ila uso wako siuoni, baba. Nikikutazama, linakufunika.”

“Basi tujaribu upasuaji.”

“Nirudi gizani kwa ajili ya pua yako? Hapana.”

Aligeuza kichwa polepole, akampita mwanawe, mpaka macho yake yakatua kwenye chuma cha kutundikia dripu. Hapo akatulia: jina lilikaa juu ya chuma, na uso wa mwanawe ukajitokeza ukingoni mwa jicho.

“Umenenepa,” alikiambia kile chuma. “Na nani amekunyoa hivyo?”

Ambakisye alimtajia kinyozi. Alibaki palepale pembeni, mikono mgongoni, wala hakuthubutu kusogea hata hatua moja.