Kibanzi cha Mlango wa Kampala

Kila asubuhi kabla ya shule, mikono ya Kalunde ilikuwa tayari imejaa vumbi la mti. Baba yake, Muthama, alichonga vinyago vya twiga na vifaru na kuwauzia wasafiri waliopumzika mjini Makindu, Kenya. Kalunde alivipiga msasa, kisha akachukua kisu chake kidogo akachonga cha kwake. Majirani walipopita walimcheka.

"Muthama, msichana huyu utamwoza kwa nani, kwa tezo ya kuchongea?"

Kalunde aliinamia kisu chake. Alizidi kuchonga. Baba alikuwa amemfundisha kwamba mti haununuliwi kwa kutazama maganda. Unanyoa kibanzi, unatazama rangi ya kiini, unanusa, ndipo mnazungumza bei.

Mwaka wa 1968, darasa lao la saba lilipanda treni kwenda Kampala, nchini Uganda, kutazama majengo na kazi za sanaa. Wengine walitamani kuona magari ya mjini. Kalunde alitamani jumba la sanaa tu, kwa maana Mwalimu Musembi aliwaambia humo mna sanamu za mbao ndefu kuliko mtu.

"Nikifa sijaziona, mzimu wangu utapanda treni," alimwambia rafiki yake Hasina.

"Na tikiti utakatiwa na nani?" Hasina akacheka.

Asubuhi walianza na kanisa la matofali mekundu lililokuwa juu ya kilima. Mwalimu alieleza jinsi matao yanavyobeba uzito wa kuta, na watoto wakainua shingo mpaka zikauma. Kalunde hakusikia neno. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa pembeni, uliochongwa majani ya mgomba na ndege, ungedhani upepo ukivuma jani litatikisika. Ni mti gani huu? Mpingo si mpingo. Mkono ukatangulia akili. Kisu kikatoka, kibanzi kikaanguka. Alikinusa. Harufu ile hakuijua.

Walipojipanga kwenda kwenye jumba la sanaa, mlinzi wa kanisa, Mzee Ssempala, alikuja mbio.

"Banange, jamani! Nani amekata mlango wangu?"

Kwenye jani lililoiva kwa weusi palikuwa na kidonda cheupe, kibichi kabisa.

Macho yote yakamgeukia Kisilu. Ndiye aliyechora jina lake kwenye dawati la shule.

"Ngai, Mungu wangu! Mwalimu, mimi hata sijafika huko!"

"Geuza mifuko," Mwalimu Musembi akaamuru. Ukaanguka msumari.

"Huo ni wa kuchezea tu, mwalimu!"

"Utabaki hapa. Wengine, twendeni."

Hasina, aliyekuwa ameona kila kitu, alimfinya Kalunde mkono. "Nyamaza," akanong'ona. "Sanamu zako zinakungoja. Kisilu amezoea kuchapwa."

Kalunde alimtazama Kisilu akiokota msumari wake. Akauchomoa mkono wake.

"Mwalimu, ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Lakini sikutaka kuharibu. Nilipima mti, kama baba anavyopima."

"Unajibizana nami?"

"Sijibizani. Kisilu hana kosa, aende. Nitabaki mimi, na siondoki hapa mpaka mlango upone."

"Utauponya na nini, mate?" Mzee Ssempala akauliza.

"Na msasa, mzee. Na nta, kama unayo."

Mwalimu aliinua mkono, lakini mzee akamzuia. "Niachie huyu."

Wenzake wakaondoka. Kalunde aliwapa mgongo, akajifuta machozi kwa kiwiko upesi, asionekane na mtu. Mzee akaleta msasa na nta, akaketi kando yake.

"Baba yako hupima nini?"

"Magogo ya kuchongea twiga, sokoni."

"Na twiga ambaye mchongaji mwingine amekwisha kumchonga, humpima kwa kisu?"

Kalunde aligusa lile jani lililokatwa. "Hapana," akasema. "Na mtu akimkata twiga wake, baba atamfukuza mpaka Kambu, mji wa jirani."

"Basi. Gogo hungoja mnunuzi. Huu mlango ni jasho la mtu. Ukitaka kujua, uliza."

"Ni mti gani, mzee?"

"Mvule. Umeona? Jibu umelipata, na hakuna kilichokatika."

Alisugua mpaka vidole vikawaka moto. Wenzake waliporudi, lile jani lilikuwa limepungua unene kidogo kuliko mengine, lakini lilikuwa laini na linang'aa.

"Hukukosa kitu!" Kisilu akapaza sauti. "Ni watu wa mbao tu, na hata nguo hawana!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Musembi alipitisha kidole juu ya jani, polepole.

"Kisilu," akasema, "nilikuhukumu kwa sababu ya msumari. Nisamehe." Kisha akawageukia wote. "Kalunde alikosa alipotoa kisu, na sanamu hakuziona. Lakini sikilizeni. Kosa la mkono lina msasa wake. Kumwacha mwenzako abebe kosa lako, hilo halina msasa. Kalunde, unajuta?"

"Kukata mlango, najuta, mwalimu," Kalunde akajibu, kichwa juu. "Kusema, sijuti."

Mwalimu akacheka kidogo.

"Haya, tangulia mbele utuongoze. Treni haitungoji."