Lala Chini, Nikae Juu

Kila siku baada ya masomo, Kisiki alivua sare na kwenda kwenye karakana kupiga msasa na kupaka rangi vitanda vya chuma. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na shangazi yake, kwa kuwa akishakataa jambo, hang'oki.

Karakana ilikuwa ya baba yake na shangazi huyo, ndugu wasiofanana hata kidogo. Baba alikubali kazi kabla mteja hajamaliza kueleza. Shangazi aliomba siku mbili za kufikiri, na mara nyingi zilipokwisha, mteja alikuwa ameshapata fundi mwingine.

Jumatatu moja alikuja mnunuzi wa shule ya bweni. Alitaka vitanda arobaini vya ghorofa kufikia Ijumaa, tena vya mabomba membamba ili bei ishuke. Baba akakubali palepale. Shangazi akaomba muda. Wakavutana mpaka jioni, Baba akashinda, na kesho yake akachomelea kitanda cha mfano cha mabomba hayo membamba.

Kisiki alipopanda kukipaka rangi, kitanda kikayumba na kulia kwi, kwi. Akamwambia Baba. Baba akajibu kwamba wakubwa wameshakubaliana, yeye apake rangi tu. Kisiki akaweka brashi chini na kuketi hukohuko juu.

Mnunuzi alipofika kukagua, alimkuta bado ameketi. Baba akamwamuru ashuke.

“Sishuki, Baba. Kitavunjika.”

Mnunuzi akacheka, akasema wanafunzi ni wepesi, hawana uzito wowote.

“Basi, mjomba, lala hapo chini, nami nikae huku juu.”

Mnunuzi akatazama kitanda cha chini. Akatazama saa yake. Hakulala.

Baba akamgeukia mnunuzi. “Kama wewe huwezi kulala hapo, watoto wa watu hawatalala,” akasema. “Ni mabomba manene, au utafute fundi mwingine.”

Shangazi hakuomba hata dakika moja. Akasema vitanda ishirini vitatoka Ijumaa, na ishirini Ijumaa itakayofuata. Mnunuzi akanung'unika, lakini akakubali.

Kisiki akashuka.

“Hukunitii, na hilo tutaliongea,” Baba akamwambia. “Lakini sikia. Mimi hukubali haraka kwa kuogopa mteja ataondoka. Shangazi yako huchelewa kwa kuogopa kukosea. Sote tulikuwa tunaamua kwa woga. Mwenye kazi, kabla hajaamua, ajiulize kwanza ni nani atakayelala chini ya kazi yake.”