Namba Iliyogawanyika

Tak. Tak-tak.

Shanga za abakasi, fremu ya kuhesabia, ziligongana gizani. Chizuru Hamasaki, jasusi wa bandari ya Kobe, alikuwa amezima taa ili asionekane barabarani. Mwanawe Mio alikuwa kwa bibi, ghorofa ya chini, akila wali.

"Achana na hizo shanga," Mkuu Onizuka alisema kupitia kipokea sauti sikioni mwake. "Ujumbe wa mumeo uko wazi. Mzigo unapitia Osaka. Vijana wangu wote wameshaondoka."

"Maneno yanasema Osaka, Mkuu. Namba bado haijasema."

Tetsuro, mumewe, alikuwa amejipenyeza kwa wauza magendo ya vifaa vya makombora. Kila ujumbe aliufunga kwa namba kubwa. Ikiwa haigawanyiki, yaani namba tasa, yuko huru. Ikigawanyika, ameshikwa, na maneno yote ni uongo.

Leo: 7,490,999.

"Mbona inaonekana safi," Mkuu alisema. "Ana woga tu. Hukuona kwenye video ya ujumbe wake vidole vinavyotetemeka gotini?"

Aliviona. Ndivyo alivyohesabu Tetsuro tangu utotoni, akisukuma shanga zisizokuwepo. Mtu huru angetaja namba aliyoikariri. Huyu alikuwa anazidisha.

Si shufwa. Haiishii na tano. Tarakimu zake zikijumlishwa ni arobaini na saba, kwa hiyo tatu haiingii. Saba ikagoma. Kumi na moja. Kumi na tatu.

Tak.

Kumi na saba ikaingia. Hakikubaki kitu.

Akaendelea kugawanya kilichopatikana hadi mwisho.

"Mkuu, wamemshika."

"Una uhakika?"

"Kumi na saba, mara themanini na tatu, mara elfu tano mia tatu na tisa. Namba tasa zinazoizaa ni hizo tu, hata ukikesha hupati nyingine. Ndogo kwanza, ndivyo tulivyopatana. Gati, ghala, lori."

"Vijana wako mbali, dada."

"Wageuze. Mimi natangulia."

Pikipiki yake ya Kawasaki ilinguruma mvuani.

Gati la 17. Ghala la 83.

Lori lenye namba 53-09 lilikuwa limewashwa. Risasi mbili, matairi mawili. Dereva akatoka mikono juu.

Ndani ya ghala, jambazi alikuwa amemgandamiza Tetsuro bastola shingoni.

"Weka chini, mama. Mumeo anatetemeka kama mbwa aliyelowa."

"Hatetemeki," Chizuru alisema. "Anahesabu."

Gotini mwa Tetsuro, vidole vitatu. Viwili. Kimoja.

Tetsuro akajiangusha. Chizuru akafyatua. Bastola ya jambazi ikaruka, na bega lake likagonga ukuta.

"Mkuu, mzigo uko hapa. Mje mchukue."

Hakungoja pongezi. Alimtupia mumewe kofia ya pikipiki.

"Ungewaomba wakufungie kwenye gati la 2, namba ninayoanza nayo, ningefika mapema."

"Niliomba," Tetsuro alisema. "Walisema limejaa."

Alicheka peke yake. Njia nzima alimshika Chizuru kiunoni kwa nguvu.

Kwa bibi, Mio aliinuka na kijiko mkononi. Baba yake alijaribu kufungua kamba za viatu, vidole vikakataa. Safari hii vilikuwa vinatetemeka kweli. Chizuru alitazama pembeni.

Mtoto akaweka kijiko chini, akavishika vidole vyote kwa viganja vyake viwili.

"Baba, mikono yako ina baridi."