SHEMEJI ALINIACHA NA BARUTI MWAKITOLYO

"SHEMEJI, USINIACHE!!"

Utambi unawaka chini yangu. Mimi naning'inia katikati ya duara, shimo letu la dhahabu... na kamba imesimama!

Jamani, huku kwetu ukishawasha unapiga kelele "Barutiii!", watu wanakimbia, na mtu wa winchi anakuvuta juu fasta. Siku hiyo winchi alishika Meshack, kaka wa mke wangu. Ndiyo kwanza anaanza kazi.

Nikatazama juu. Meshack hayupo!

Nikadaka matimba, yale magogo yanayoshikilia ukuta, nikajitupa kwenye njia ya pembeni...

PUUUH!!

Mawe yakanichana mgongo, kifundo kikavunjika. Nikapanda yale matimba kwa mguu mmoja na hasira tupu. Nilitaka kumuua, sifichi.

Huko juu walishaanza bila mimi. Meshack yuko chini, meno yametoka, jicho moja ni damu tupu. Bosi wetu Jilala anamshindilia mpini wa sururu.

"Msaliti! Umemuua mume wa dada yako!"

Aliponiona akanipa nyundo.

"Baba Noela, mmalize mwenyewe."

Nikainyanyua.

"Nilikukosea nini, Meshack?!"

"Shemeji... si ulisema baruti? Nikakimbia."

"Na mimi kwenye kamba je?!"

"Niliambiwa nikisikia baruti nikimbie. Sikuambiwa mtu wa winchi anabaki..."

"Nani alikuambia?"

Akanyoosha kidole... kwa Jilala!

"Nilimwomba anifundishe. Akasema winchi siyo chuo kikuu, shika uzungushe."



"Kumbe ndiyo maana ulitaka afe haraka!" nikamwambia Jilala.

Akasonya. Akamgeukia Edson, muuza maji, aliyekuja na baiskeli yake tu.

"Wewe, njoo ushike winchi. Kazi iendelee!"

Aisee, nilipandwa! Nyundo ikashuka kwenye mpini wa winchi mpaka ukakatika. Jilala akanirukia na sururu, wachimbaji wakamdaka, wakamtandika mpaka akaita mama yake.

Kifundo changu kiliunga. Jicho la Meshack halikurudi.

Mnaoajiri, mfundisheni mtu kazi kabla hamjampiga kwa kuikosea. Msidhani ataota.

Siku hizi Meshack ndiye anafundisha wageni winchi. Anawakazia lile jicho lililobaki, anawaambia:

"Baruti ikiitwa, wote watakimbia. Wewe baki."