Nishikie, Nikanywe Maji

Jambo la mwisho la kawaida usiku ule lilikuwa kuosha vyombo. Alisuuza bilauri mbili, ingawa aliyekunywa alikuwa mmoja, akazifudikiza kando ya sinki. Simu ikaita. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe.

"Kesho asubuhi nakuja na gari, shemeji. Ile mitambo ya muziki itakumaliza. Umekonda hadi mkanda umeishiwa matundu."

"Njoo uichukue," akasema. Alikuwa amechoka hata kubisha. Akaenda chumba cha nyuma, akachomoa nyaya zote ukutani.

Mkewe alikuwa DJ wa usiku wa manane. Chumba hicho ndimo alimorekodia: muziki wa hausi, wa taratibu, usio na pupa, wimbo mmoja ukiyeyukia katika mwingine bila mtu kuona mshono. Miksi ya mwisho hakuimaliza. Ndiyo kwanza alikuwa anaingiza wimbo mpya chini ya ule wa zamani, kichwa kikamuuma. Akaenda kujilaza, asiamke tena. Kila usiku mume aliisikiliza kwenye simu mpaka pale ilipokatika. Hapo ndipo usingizi ulipomjia.

Usiku ule haikukatika.

Wimbo mpya ulipanda. Akatazama simu. Ilikuwa imezimika, chaji imekwisha. Muziki ulitoka chumba cha nyuma.

Akaenda pekupeku. Taa za mashine zilikuwa zinawaka. Besi ikaondolewa polepole, kama mkewe alivyozoea, ili watu waitamani kabla hajawarudishia. Hakuona mkono.

"Umechoka?" akanong'ona.

"Sana." Sauti ilikuwa sikioni kabisa. "Nishikie, nikanywe maji."

Ndivyo alivyomwomba enzi za uhai wake. Kazi ya mume ilikuwa moja tu: kushika kitufe cha sauti, muziki usife. Akakishika. Kilikuwa na joto. Ubaridi ukampita mgongoni, ukaelekea jikoni. Sakafu ikalia. Hakugeuka.

Alfajiri ilimkuta kidole palepale, chumba kimya.

Honi ilipopigwa nje, alikuwa jikoni. Bilauri moja ilikuwa bado imefudikizwa. Ya pili ilikuwa imesimama, maji nusu, na ukingoni alama ya mafuta ya mdomo.

"Shemeji! Mbona hufungui? Mitambo iko tayari?"

"Rudi tu na gari lako," akasema dirishani. "Hajamaliza."

"Nani?"

Mume akaijaza bilauri hadi juu, akaipeleka chumba cha nyuma, akaiweka karibu na mashine, mbali kidogo na nyaya, kama mkewe alivyopenda.