Faili Lisilo na Jina

Obedi alikuwa ameinamia kompyuta ya mwalimu mmoja, bisibisi mkononi na sikio karibu na feni iliyokuwa inakwaruza, aliposikia mtu anamcheka.

"Ngosha wewe, unasikiliza nini? Inapumua?"

"Inapumua vibaya," alijibu kwa sauti yake ya chini, bila kuinua kichwa. "Subiri kidogo, dada, nifunge skrubu."

Ghorofa ile ya mtaa wa Makoroboi ilikuwa imejaa kama kawaida yake. Mafundi simu walikaa bega kwa bega, spika zikishindana kwa nyimbo, mama lishe akipenya na sinia la vikombe. Obedi alipoinua macho hatimaye, mbele ya meza yake alisimama msichana mwenye gauni la kitenge cha njano, nywele kazibana kwa utepe mweusi. Alikuwa amekumbatia kifurushi cha kitambaa kama mtu aliyebeba kifaranga.

Jina lake Sabina, mpokezi wa hoteli moja kule Capri Point, mzaliwa wa Nansio, kisiwani. Alifungua kitambaa, na pamoja na diski ndogo nyeusi ya kuhifadhia mafaili ikadondoka punje ya mchele.

"Uliiweka kwenye mchele?" Obedi aliuliza.

"Si ndiyo dawa? Begi lilinichomoka nikipanda kivuko, likaingia ziwani. Shangazi akasema weka kwenye mchele."

"Na ikasaidia?"

"Nakuuliza wewe fundi!"

"Basi iliuharibu mchele."

Sabina alicheka mpaka fundi wa meza ya pili akageuka. Kisha cheko likamwisha ghafla. "Wenzako wote hapa wameniambia niitupe. Humo kuna sauti ya mama yangu. Alifariki. Ni faili moja tu, la maneno ya siku ya send-off yangu. Mengine yote ukiyakosa, sawa. Hilo usilikose, kaka yangu."

Siku ya send-off, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, mama ndiye husimama mbele ya ukoo, akamwambia binti maneno yake na mkwe maneno yake. Obedi alijua hivyo, kila mtu anajua. Bila kutaka, akatazama vidole vya Sabina. Hakukuwa na pete. Lakini nani ahangaikie maneno ya send-off kama hana wa kuja kumchukua? Alishusha macho, akaandika namba yake ya simu.

Obedi hakusomea kazi ile. Aliisoma kwa kuharibu na kutengeneza, na humo akajiwekea taratibu zake. Kwanza unanakili diski mgonjwa kwenye diski nzima, polepole, ukiruka palipooza. Kisha unatafuta ndani ya nakala, na mgonjwa unamwacha alale. Mwisho, humkabidhi mteja faili ambalo hujalifungua mwenyewe, kwa sababu faili linaweza kuwa na uzito na ndani likawa tupu.

Diski ya Sabina haikukwaruza. Iligonga. Tak. Kimya kirefu. Tak. Kama ukucha kwenye mlango wa mbao. Ikishapata joto aliizima, na hata ikiwa imezimwa wakati mwingine alidhani anaisikia.

Kila jioni simu yake iliita.

"Daktari, mgonjwa anaendeleaje?"

"Amelala."

"Na wewe umekula?"

"Nimekula mandazi."

"Mandazi! Mwanaume mzima! Kesho nakuletea sato na ugali wa muhogo, uonje chakula cha watu wa kisiwani. Au mnaogopa mifupa ninyi watu wa ng'ombe?"

"Ng'ombe naye ana mifupa, Sabina."

"Lo! Kumbe unajua kutania!"

Alileta kweli. Akaleta na siku nyingine. Alikaa kwenye kiti cha wateja akimtazama anavyonawa mikono taratibu, anavyotenga mifupa pembeni ya sahani kwa mstari, naye akajikuta anacheka peke yake njiani akirudi kazini. Obedi alikula akinyamaza. Kila alipotaka kusema neno alimkumbuka mwanaume asiyemjua, mwenye haki ya kulisema.

Alasiri moja vijidudu vya ziwani vilipanda kutoka majini kama moshi, wingu zima, vikaziba jua juu ya mji. Mafundi walifunga madirisha na kuzima taa ili visiingie, kisha wakashuka chini. Juu ya paa la jirani ndege wale wakubwa, makongoti, walisimama bila kutikisika, vichwa vyao vya upara vikielekea dirishani kwa Obedi. Alibaki na mwanga wa kompyuta tu.

Hapo ndipo lilipojitokeza. Lilikuwa faili la sauti, refu, lisilo na jina. Faili likiokolewa namna hiyo hupoteza jina na tarehe yake, na programu huliwekea tarehe ya siku lilipopatikana. Alilijua jambo hilo. Hata hivyo aliisoma ile tarehe mara ya pili. Ilikuwa ya leo.

Alivaa spika za masikioni, akalifungua.

Kwanza ilikuja pumzi, ndefu, ya mtu mgonjwa. Kisha sauti ya mwanamke, karibu mno, kama ameketi nyuma ya bega lake.

"Nani yuko hapo?"

Obedi aligeuka. Kiti cha wateja kilikuwa kitupu.

"Nani yuko hapo?"

Vipande vimejirudia, alijiambia. Lakini mdomo wake ulikwisha jibu. "Obedi."

"Haya. Kaa."

Alikuwa amekaa tayari.

"Wewe uliyekuja kumchukua Sabina, mimi uso wako sitauona. Kwa hiyo nakuuliza sasa hivi. Akinyamaza, utajua kama amekasirika au ameogopa? Maana huyu hanuni kama wenzake. Huyu hunyamaza. Na ukishajua, ufanye hivi..."

Sauti ikakatika, kama iliyozibwa kwa kiganja.

"Unasikiliza nini?"

Obedi aliruka. Sabina alikuwa mlangoni, bado na sare ya hoteli, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, hotpoti mkononi, vijidudu vimemganda nywelani. Safari hii hakuwa anacheka.

"Nimelipata," Obedi alisema, na furaha ikamjaa usoni kabla hajaizuia. "Nusu yake, lakini..."

"Umelisikiliza?"

"Kila faili nalifungua kwanza nione kama..."

"Mimi mwenyewe sijalisikiliza, Obedi! Mama alikataza mpaka siku yenyewe. Nimelitunza nikilala nalo kitanda kimoja. Wewe ni nani mpaka uwe wa kwanza?"

"Hukuniambia, Sabina."

"Kuna mtu anaambiwa asichungulie kaburi?"

Obedi aliziweka zile spika za masikioni mezani, taratibu. "Nisamehe. Mchumba wako nitamweleza mwenyewe, ajue kosa si lako."

"Mchumba!" alisema Sabina, kama neno limemchoma. Akaweka hotpoti sakafuni, akashuka ngazi.

Jioni ile simu haikuita. Wala kesho yake. Obedi alipiga simu, hazikupokelewa. Alitaka kuandika maneno mengi ya kujitetea, na kila alipoanza alisikia ile sauti begani, ikisubiri jibu lake. Alikaa nalo swali lile kama anavyokaa na mashine asiyoielewa, bila kulazimisha. Alikumbuka uso wa Sabina mlangoni. Midomo ilikuwa imekasirika. Macho, hapana.

Mwishowe aliandika mstari mmoja: Sabina, umekasirika au umeogopa?

Simu iliita hapo hapo.

"Nani amekufundisha hilo swali?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nyuma yake mawimbi yalisikika.

"Mama yako," Obedi alisema.

"Nipo Kamanga, kivukoni, kwenye mawe. Njoo."

Alimkuta kaketi juu ya jiwe, khanga mabegani ingawa jua lilikuwa kali, miguu karibu iguse maji. Obedi aliketi pembeni, akaacha nafasi kati yao.

"Ameniuliza hivyo maisha yangu yote," Sabina alisema. "Yeye tu. Wengine wote waliniita mwenye kiburi." Alivuta khanga. "Sina mchumba. Mama alirekodi kwa sababu alijua hatafika siku hiyo. Nilihofu halitapatikana. Ulipolipata nikahofu zaidi. Likishasikilizwa lote, Obedi, mama hatakuwa tena na neno la kuniambia."

"Mimi nilidhani kuna mwenyewe," Obedi alisema. "Ndiyo maana nilikula samaki wako kimya kimya."

"Na mimi nikadhani hupendi samaki!" Alicheka huku akijifuta macho. "Mama alikuwa anaongea vipi? Usiniambie maneno."

"Karibu sana. Aliuliza nani yuko hapo."

Sabina aligeuka. "Aliuliza nani?"

"Nilidhani kuna mtu aliingia chumbani."

"Mjomba Revocatus ndiye aliyeshika simu akirekodi. Aliniapia walikuwa wawili tu, na mlango aliufunga mwenyewe. Ukafanyaje?"

"Nilitaja jina langu."

"Uliitikia! Mtu mzima!"

"Ilinitoka."

"Akasemaje?"

"Akasema nikae."

Sabina hakucheka. Upepo wa ziwa ulimpuliza khanga, naye akasogea mpaka nafasi ile kati yao ikaisha.

Walirudi Makoroboi pamoja, kwenye meza yake. Obedi hakulifungua tena lile faili kwa sikio. Alilionyesha kwa macho tu, kwenye kioo cha kompyuta: sauti ya mama yake Sabina ikiwa mstari wenye vilima na mabonde. Sabina aliufuata kwa kidole bila kugusa. Hapa alivuta pumzi, hapa alicheka labda. Kisha mstari ukalala, sehemu ndefu tupu ambayo diski bado ilikuwa imeikalia. Na mbali kabisa, baada ya utupu wote, kilima kimoja kidogo.

"Nini kile?"

"Sijui. Pumzi. Au mlango."

Waliitazama diski. Tak. Kimya. Tak. Obedi aliigusa kwa mgongo wa mkono, akaizima.

"Ina joto. Nikiilazimisha leo, pale katikati patapotea kabisa."

"Na pakipatikana? Utajuaje kama ni pazima bila kusikiliza?"

"Kwa kutazama hivi. Sitalifungua." Alikunja waya taratibu, macho kwenye waya. "Ila siku utakayolifungua, ningependa niwepo."

"Ukiwa nani?"

"Ukiniruhusu, yule anayeulizwa."

Sabina alinyamaza. Obedi alimtazama usoni, kwa makini, bila haraka.

"Umeogopa," alisema.

"Kidogo." Akamshika ule mkono wenye waya. "Kesho unaanza saa ngapi?"

"Ikishapoa."

"Nakuja kabla ya zamu. Usiiwashe bila mimi."