Mtungo wa Perege

Haya yalimpata rafiki yangu Hudson kule Njukini, mwaka wa hamsini na sita. Mkewe Elsie alikuwa amejifungua, na hamu yake yote ilikuwa supu ya samaki. Jioni Hudson akachukua ndoana yake akaenda kwenye bwawa dogo nyuma ya mahindi.

Samaki walikuwepo. Kila perege aliyemvua alimtunga mashavuni kwa kamba ya katani, akamrudisha majini akiwa hai asije akaharibika. Alisimama kwenye maji ya kina kifupi, na kamba yenyewe aliifunga kwenye mzizi wa ukingoni nyuma yake.

Giza likaanza kuingia, vyura wakanyamaza. Ndipo akasikia ndani ya matete kisu kikipara magamba, kwaru, kwaru. Akajua ni mama fulani wa pale kijijini anatengeneza samaki wake.

"Hujambo, mama," akaita bila kugeuka, macho yakiwa kwenye mshipi. "Ukimaliza wako nisaidie na hawa wangu. Mke wangu ni mzazi, na kisu nimesahau nyumbani."

Kisu kikanyamaza. Maji yakatikisika nyuma yake, halafu kwaru, kwaru ikaanza tena, safari hii karibu na kisigino chake. Hudson hakuthubutu kugeuka mpaka ilipokoma.

Hapakuwa na mtu, wala alama ya mguu kwenye tope. Fundo lilikuwa vilevile alivyolifunga. Akauvuta mtungo. Perege wote walikuwa wameparwa, wamepasuliwa, matumbo yao matupu na meupe, yamesuuzwa vizuri, na wote walikuwa bado wanafungua na kufunga midomo.